Mto ukipewa haki, nani atakwenda mahakamani? Namna ya kuupima na kuukosoa muswada au mkataba wa mazingira

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya Uganda ya mwaka 2019, kifungu cha 4, inasema maumbile yana haki ya kuwepo, kudumu na kuhuisha mizunguko yake. Kifungu kidogo cha pili kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hizo zikivunjwa. Wengi wanaoisifu sheria hiyo huishia hapo. Shuka mpaka kifungu kidogo cha nne: Waziri ndiye atakayetaja, kwa kanuni, maeneo ya hifadhi ambako haki hizo zitatumika. Kwa hiyo wakili anayetaka kutetea kinamasi fulani ataulizwa kwanza eneo hilo limo kwenye kanuni ipi, na kama halimo, ufasaha wote wa kifungu kidogo cha kwanza haumsaidii.

Ukosoaji wa haki za maumbile unaofaa kitu hufanyika namna hiyo, kwa kushuka hadi mistari ya chini. Kubishana kama mti una roho au hauna ni mazungumzo mazuri ya barazani, lakini kamati ya Bunge haitabadilisha hata nukta kwa ajili yake. Mwongozo huu ni wa yule anayetakiwa kuandika maoni: katibu wa jumuiya ya watumia maji, diwani, mwandishi wa habari, mwanafunzi wa sheria. Unahitaji maandishi kamili ya muswada (muhtasari wa gazetini hautoshi), kalamu za rangi mbili, ramani ya bonde husika, na siku mbili za kazi.

Anza kwa kutenganisha maneno

Kiswahili kinatutega hapa. "Haki ya mazingira" kwa kawaida ni haki ya binadamu kuishi katika mazingira safi na salama. Ndiyo iliyomo katika kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 na katika Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya. "Haki za maumbile" ni jambo jingine: mto, msitu au ziwa lenyewe ndilo lenye haki, hata kama hakuna binadamu aliyeumia. Na kuna kitu cha tatu, wajibu wa kawaida wenye kipimo, kama marufuku ya Tanzania ya kufanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Andika pembeni ya kila kifungu ni kipi kati ya hivyo vitatu. Miswada mingi huvichanganya, na maoni ya wadau huvichanganya zaidi. Ukikosoa haki za maumbile kwa hoja inayohusu haki ya binadamu, mwandishi wa muswada atakujibu kwa sentensi moja na umekwisha.

Kalamu mbili

Kwa rangi ya kwanza, pigia mstari vitenzi vinavyoahidi: inatambua, ina haki, itaheshimiwa, itazingatiwa. Kwa rangi ya pili, vitenzi vinavyoamuru mtu anayejulikana: Waziri atateua, Hazina italipa, mwenye kibali ataondoa, ndani ya siku 30. Kisha tazama kurasa. Sheria ya haki za maumbile ikijaa rangi ya kwanza na kukosa ya pili, umeshapata aya ya kwanza ya maoni yako.

Montreal ya 1987, itifaki ya kulinda tabaka la ozoni, ni kipimo kizuri cha rangi ya pili. Inataja kemikali kwa majina, inaweka tarehe za kupunguza, inazipa nchi zinazoendelea muda wa nyongeza wa miaka kumi, na inabana biashara na nchi zisizojiunga. Baadaye ukaongezwa mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kubadilisha mitambo. Hakuna mahali inaposema ozoni ina haki, na ndiyo mkataba wa mazingira unaotajwa kila mtu anapotafuta mfano uliofanikiwa.

Tafuta msemaji

Mto hauna mdomo. Mwaka 1972 Christopher Stone, mwanasheria wa Marekani, alipopendekeza miti ipewe haki ya kusimama mahakamani, alijibu hoja hiyo kwa kusema hata mtoto mchanga na kampuni hawajisemei, huteuliwa mlezi. Sawa. Basi kazi yako ni kumkagua mlezi.

New Zealand, kwa sheria ya 2017 ya mto Whanganui, iliweka walezi wawili: mmoja anateuliwa na Serikali, mwingine na makabila ya Wamaori wa mto huo. Uliwekwa pia mfuko wa dola milioni 30 za nchi hiyo kwa afya ya mto. Ecuador, katika Katiba ya 2008, ilichukua njia nyingine: mtu yeyote, jamii yoyote, anaweza kudai haki za maumbile. Uganda iko karibu na mfano huu wa pili.

Kila njia ina ugonjwa wake. Mlezi akiteuliwa na Serikali, na mchafuzi akiwa shirika la Serikali, mto utabaki bila wakili siku unapomhitaji zaidi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kila mtu akiruhusiwa, atakayesema kwa niaba ya mto ni mwenye nauli ya kwenda mahakama kuu na pesa za wakili, na huenda akawa hajawahi kuteka maji yake. Kwa hiyo uliza kwa maandishi: mlezi anateuliwa na nani, anaondolewaje, nani analipa mawakili wake, afanye nini anapokuwa na maslahi upande wa pili, na walezi wawili wakipingana, neno la mwisho ni la nani. Muswada usiojibu angalau matatu kati ya hayo haujakomaa.

Kisha geuza swali: mto ukiwa mtu wa kisheria, je, unaweza kushtakiwa? Watu hucheka, lakini hilo ndilo lililofika Mahakama ya Juu ya India. Machi 2017 Mahakama Kuu ya jimbo la Uttarakhand ilitangaza mito ya Ganges na Yamuna kuwa watu wa kisheria na kuwapa ulezi maofisa wa Serikali, akiwemo katibu mkuu wa jimbo. Serikali ya jimbo hilohilo ikakata rufaa. Mafuriko yakiua watu, ilihoji, fidia itadaiwa kwa mlezi? Na jimbo moja litaulea vipi mto unaopita majimbo mengine? Julai mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikasimamisha utekelezaji wa hukumu. Miezi minne haikutimia.

Mpaka wa haki na mpaka wa ardhi

Wapiga kura wa Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, walipitisha Februari 2019 tamko la haki za ziwa Erie. Sababu yao ilikuwa ya kweli kabisa: Agosti 2014 mwani wenye sumu ulilifanya jiji lisitumie maji ya bomba kwa siku kadhaa. Tamko likasema ziwa lina haki ya kuwepo, kustawi na kubadilika kwa asili yake. Mara moja mkulima mmoja akafungua kesi, na Februari 2020 jaji wa shirikisho akalifuta lote. Alitoa sababu mbili. Kwanza, maneno hayo hayamwambii mtu ni kitendo gani kimekatazwa. Mkulima anayetia mbolea hawezi kujua anavunja haki kwa mfuko wa ngapi. Pili, jiji lilijaribu kutawala ziwa linaloguswa na majimbo kadhaa na nchi nyingine.

Chukua sababu hizo mbili kama vipimo. Kwa kila haki iliyotajwa, jaribu kuandika mfano mmoja wa kitendo kinachoivunja na mmoja wa kitendo kinachofanana nacho ambacho hakiivunji. Ukishindwa kuuona mstari kati yao, jaji naye atashindwa. Halafu funua ramani. Mto Mara unaanzia misitu ya Mau nchini Kenya na kumwaga maji Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Sheria ya Tanzania ikiupa Mara haki zote duniani, haitazuia shoka hata moja huko Mau. Kwa mito ya namna hiyo, pendekeza makubaliano ya bonde zima yenye kiwango cha chini cha maji kinachopimwa kwenye kituo kinachotajwa.

Nani ataondolewa?

Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu ndipo wakosoaji wa mijini wanapopita haraka. Haki ya mto haitekelezwi hewani. Inatekelezwa dhidi ya mtu.

Fanya zoezi kwa mto unaoujua. Ruaha Mkuu ulianza kukauka majira ya kiangazi mwaka 1993. Juu yake, bonde la Usangu, kuna mashamba ya mpunga makubwa na madogo, wafugaji, na ardhioevu ya Ihefu. Chini yake kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na zaidi ya hapo mabwawa ya umeme kuanzia Mtera. Kila mtumiaji ana maelezo yake kuhusu nani aliyekausha mto. Mwaka 2006 Serikali iliamua, na walioondolewa Ihefu wakawa hasa wafugaji na mifugo yao. Baadaye eneo hilo likaingizwa ndani ya hifadhi. Mpunga wa juu ukaendelea kunywa maji.

Sasa weka muswada wako mezani na ujifanye mlezi wa Ruaha Mkuu mwenye bajeti ya kesi moja tu kwa mwaka. Utamshtaki nani kwanza? Mwenye skimu kubwa ana kibali cha maji, mhandisi na wakili. Mfugaji hana hata kimoja. Kama muswada hausemi chochote kuhusu vibali vilivyopo, kesi nyepesi ndiyo itakayofunguliwa, na jina la mto litakuwa limetumika kumhamisha mnyonge. New Zealand yenyewe, kwa mfano unaosifiwa kuliko yote, iliacha haki za maji zilizokuwepo ziendelee, pamoja na uchepushaji wa maji ya juu ya Whanganui kwa ajili ya umeme.

Maoni yako yadai mpangilio wa vipaumbele uandikwe ndani ya sheria. Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya 2002 ilishaweka mahitaji ya msingi ya binadamu mbele na mifumo ya ikolojia ikafuata. Muswada unaopindua mpangilio huo useme wazi kwamba unaupindua. Dai pia kwamba hakuna anayeondolewa kwa kesi ya mto kabla vibali vikubwa kuliko vyote vya bonde hilo havijapitiwa upya.

Je, haki mpya inahitajika kweli?

Hii ndiyo hoja ya kisheria yenye nguvu kuliko zote, na ni ajabu inavyosahaulika. Haki za maumbile zilibuniwa sana kutatua tatizo moja: mlalamikaji alitakiwa kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya ililiondoa tatizo hilo bila kuugeuza mto kuwa mtu. Inasema mlalamikaji hahitaji kuonyesha kwamba mtu yeyote amepata hasara au madhara. Kwa hiyo kabla ya kukubali au kukataa muswada, andika orodha ya kesi ambazo leo haziwezekani na zitawezekana ukipita. Ikiwa tupu, muswada unaongeza maneno tu.

Lakini uwe mwadilifu. Njia ya kawaida nayo ni ndefu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliolishwa sumu ya madini ya risasi (lead) na kiwanda cha kuyeyusha betri, walifungua kesi 2016, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, hukumu ikatenguliwa kwenye rufaa 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Na upande wa pili, haki za maumbile zimewahi kuuma: mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ecuador ilizuia uchimbaji madini katika msitu wa Los Cedros na kufuta vibali. Mkosoaji anayeificha kesi hiyo atafichuliwa na wa kwanza atakayesimama baada yake.

Unapotaja hukumu yoyote, fuatilia kilichotokea miaka miwili au mitatu baadaye. Mto Vilcabamba, Ecuador, ulishinda kesi mwaka 2011 baada ya vifusi vya barabara kumwagwa ndani yake. Ushindi huo umeandikwa kila mahali. Kwamba utekelezaji ulisuasua na walalamikaji wakalazimika kuendelea kuhangaika hakuandikwi sana. Na Ecuador hiyohiyo, yenye katiba ya kwanza duniani ya haki za maumbile, iliomba dunia ichangie dola bilioni 3.6 ili mafuta ya Yasuní, hifadhi ya taifa katika msitu wa Amazoni, yabaki ardhini. Ilipokea takriban milioni 13, na Agosti 2013 mpango ukavunjwa. Ilichukua kura ya maoni ya 2023, ambako karibu asilimia 59 walikataa uchimbaji, kuurudisha mjadala. Katiba peke yake haikuwa imefunga kisima hata kimoja.

Mkataba wa kimataifa husomwa kuanzia nyuma

Dibaji ya mkataba imeandikwa ili kila mtu apige makofi, iache mwisho. Anza na viambatisho, kisha tafsiri ya maneno, kisha kifungu cha fedha, kisha kifungu cha kujitoa na cha kuweka pingamizi. Kyoto ya 1997, itifaki ya kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani, ni somo la kifungu cha kujitoa: Marekani ilisaini bila kuridhia, Kanada ikaridhia kisha ikatangaza kujitoa 2011. Hapohapo hakikisha nchi yako iko hatua gani, maana kusaini si kuridhia, na hata kuridhia hakufanani: Kenya, kwa Ibara ya 2(6), mkataba ulioridhiwa unakuwa sehemu ya sheria, Tanzania Bunge huridhia, lakini kwa kawaida bado inahitajika sheria ya ndani ili mwananchi aushike mahakamani.

Tafsiri ya maneno ndiko madhara yanakojificha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji misitu inahusu kahawa, kakao, ng'ombe, mpira, soya, mawese na mbao. Tarehe ya ukomo ni 31 Desemba 2020: msitu ukikatwa baada ya hapo, zao la shamba hilo haliingii. Kila shamba litambulishwe kwa majira ya kijiografia (namba za mahali lilipo kwenye ramani) yenye tarakimu sita baada ya nukta. Chini ya hekta 4 nukta moja inatosha, zaidi ya hapo mzingo mzima. Msitu umetafsiriwa kuwa eneo la zaidi ya hekta 0.5 lenye miti ya zaidi ya mita 5 na kivuli cha zaidi ya asilimia 10, lisilokuwa hasa la kilimo.

Shusha tafsiri hiyo kwenye kihamba, shamba la familia la Kilimanjaro. Mibuni chini ya migomba, migomba chini ya mifuranje, miti mirefu ya kivuli. Picha ya setilaiti inaona kivuli, haioni mibuni. Mkulima ataokolewa na maneno ya mwisho, "lisilokuwa hasa la kilimo", lakini anayepaswa kulithibitisha ni nani, na nani anamlipa kijana mwenye simu atakayepita kihamba kwa kihamba kuchukua nukta? Kanuni hiyo imeahirishwa zaidi ya mara moja kwa kilio cha waagizaji wa Ulaya na nchi wazalishaji. Ushirika unaosubiri siku ya mwisho utakuta mnunuzi ameshahamia kwa mwenye shamba moja kubwa, kwa sababu faili moja ni rahisi kuliko faili elfu moja. Huo ndio ukosoaji wa kupeleka Brussels, wenye nambari ya kifungu. Malalamiko ya jumla kuhusu ukoloni mamboleo yanaweza kuwa kweli, ila hayana mahali pa kuingia kwenye jedwali la marekebisho.

Mkataba wa Basel wa 1989, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari kutoka nchi hadi nchi, nao upimwe kwa tafsiri: taka ni nini, na kifaa kilichotumika ni nini? Runinga mbovu ikiandikwa "mtumba" inavuka bahari. Afrika ilijibu kwa Mkataba wa Bamako wa 1991 uliokataza kabisa kuingiza taka hatari barani, lakini katazo halina faida bandarini bila mkaguzi mwenye soketi ya umeme ya kuwashia hiyo runinga.

Kuandika na kuwasilisha

Kurasa nne zinatosha. Kumi hazisomwi. Tumia jedwali la safu tatu: kifungu kilivyo, kasoro yake, maneno unayopendekeza. Safu ya tatu ndiyo inayofanya kazi. Mfano, muswada ukisema "Mto utakuwa na haki ya kutiririka", kasoro ni kwamba hakuna kiwango, mahali wala mhusika. Pendekeza: "Bodi ya Maji ya Bonde itahakikisha mtiririko haushuki chini ya kiwango kilichotangazwa katika Gazeti la Serikali kwa kila kituo cha kupimia, mtiririko ukishuka kwa siku saba mfululizo, Bodi itapunguza vibali kuanzia kilicho kikubwa kuliko vyote." Kiwango chenyewe waachie wataalamu wa bonde, ukijaza tarakimu ya kubuni, watapinga tarakimu na kuzika hoja.

Makosa yanayorudiwa: kunukuu toleo la muswada lililokwisha kubadilishwa (angalia tarehe ya kuchapishwa Gazetini), kudai "mahakama ya kimataifa" imeamua wakati ilikuwa mahakama ya wilaya, na kutumia neno "maumbile" kwa maana tatu ndani ya ukurasa mmoja.

Muda nao una meno. Katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mtu binafsi ana miezi miwili tu tangu kitendo kutokea au tangu alipokifahamu. Kesi ya barabara ya Serengeti ilifunguliwa 2010 na kuamuliwa 2014 kwa faida ya hifadhi. Ile ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga ilitupwa Novemba 2023 kwa kuwa mahakama iliona ilichelewa kufunguliwa, hoja za mazingira hazikusikilizwa hata kidogo. Andika kwenye daftari siku ulipoipata kila nyaraka.

Mwisho, peleka nakala mbili za maoni, moja irudi na muhuri wa masjala na tarehe. Ukishiriki mkutano wa wadau, piga picha karatasi ya mahudhurio. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Lamu ilifutwa na baraza la rufaa za mazingira la Kenya (National Environment Tribunal) Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Atakayedai mlishirikishwa, au hamkushirikishwa, atatakiwa aonyeshe karatasi.